Skii za Kuwekea Maua

Niliapa mbele ya watu, kikombe cha kahawa mkononi, kwamba nikishindwa na Rudy Ylitalo nitahama nyumba yangu. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ni mbaya kuliko pombe, kwa sababu ikilala usiku asubuhi inaamka nami.

Ilikuwa ukumbini kwetu Kuusela, mwezi wa kwanza, baada ya ibada. Mezani tulikuwa wanne: mimi, mwanangu Wendell aliyekuja kutoka mjini Marquette, shoga yangu Lempi Hautala, na huyo Rudy, ambaye hakualikwa ila alikuwa ameona mkate wetu wa iliki ni mkubwa kuliko wa meza yao.

"Mama, una miaka sitini na saba na mkono mmoja na nusu," Wendell alisema. "Hiyo pikipiki iuze."

"Hiyo nusu ndiyo iliyokuchapa ukaacha sigara."

"Sina utani."

Nilijua hana utani, na nilijua anakotaka kufika. Nyumba yangu iko mwisho wa barabara. Gari la kusukuma theluji hugeuzia uani kwa Lempi na kurudi zake, na kutoka hapo hadi kwangu ni msitu mtupu. Kuanzia Novemba hadi Aprili hakipiti kitu humo ila kulungu na pikipiki yangu ya theluji. Ndiyo inayonipeleka dukani, kanisani na kwa daktari. Mtu akininyang'anya pikipiki hana haja ya kuniambia nihame, nitahama mwenyewe.

"Kule kwetu chumba cha chini kimekaa bure," akaendelea. "Kina dirisha."

"Chumba cha chini chenye dirisha. Niangalie nini, viatu vya wapita njia?"

"Uangalie wajukuu zako."

Hapo alinipiga penye jeraha. Rudy akaona ni zamu yake.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, dada Elma," akasema, mdomo umejaa mkate.

"Mkuu hapa ni mimi, na nilivunjika mkono, si guu. Kula unyamaze."

Huo mkono niueleze, maana Rudy anaueleza vibaya. Machi ya mwaka uliotangulia nilikuwa nakata kona ziwani, juu ya barafu, karibu na kibanda chake cha kuvulia samaki. Sasa, pikipiki ya theluji haina gurudumu la mbele. Ina skii mbili, nyayo mbili ndefu, na usukani unageuza hizo. Chini ya kila skii kuna mkuku kama wa mashua, na kwenye mkuku kuna kisu cha chuma kinachouma barafu. Visu vyangu vilikuwa vimelika hadi vikawa butu kama mgongo wa kijiko. Nikageuza usukani, skii zikageuka, pikipiki yenyewe ikaendelea mbele kama mtoto anayejifanya hasikii akiitwa. Ukuta wa kibanda ukaanguka, mimi nikaangukia ukuta, na kifundo changu cha mkono kikavunjika. Rudy alikuwa ndani, amekalia ndoo, ameshika samaki. Mpaka leo anasema yule samaki alicheka.

Kilichonivunja mkono ni skii, si uzee. Nilisema hivyo hospitalini, nikasema kanisani, nikasema dukani. Watu waliitikia kwa kichwa, vile vile wanavyomwitikia mlevi.

"Basi tufanye hivi," Wendell akasema pale mezani. "Ingia kwenye mashindano ya supu. Ukifika na nusu ya sufuria, sitasema neno tena. Ukifika na chini ya nusu, mimi nina trela. Nabeba pikipiki, nakubeba na wewe."

"Nusu!" Rudy akacheka. "Nusu anafika nayo hata paka wangu."

Sijui kilichoniuma zaidi, kile kicheko au ile nusu. Mtoto niliyemfundisha mwenyewe kuendesha, ananipimia nusu. Nikasimama.

"Sitaki nusu yako. Nikishindwa na huyu mla mkate wa watu, mimi mwenyewe nitapanda kwenye trela. Wote mmesikia."

Lempi alinipiga teke chini ya meza, lakini alichelewa. Mdomo huponza kichwa, na wangu umekiponza mara nyingi.

Sisi Kuusela hatushindani kwa mbio. Mbio wanafanya vijana wa miji mingine, wakivunjika hospitali inawapokea. Sisi, Jumapili ya Laskiainen, sikukuu ya babu zetu Wafini kabla ya Kwaresima kuingia, tunashindana kwa supu ya njegere. Inapikwa ng'ambo ya ziwa, jikoni kwenye shule ya zamani. Kila mshindani anafungiwa sufuria nyuma ya pikipiki yake, kwenye sledi ya mbao inayokokotwa juu ya theluji, imejaa hadi juu na mdomo wazi. Unavuka ziwa, unapita msituni, unafuata njia ya reli iliyong'olewa, unapanda kilima mpaka ukumbini. Anayefika na supu nyingi ndiye mshindi, na yeye ndiye anayeshika mwiko na kuwapakulia watu wote. Utasema basi twende taratibu. Huwezi. Mlangoni pa ukumbi anasimama Lempi, anachovya kidole. Kidole kisiporuka, supu imepoa, na supu iliyopoa haihesabiwi.

Rudy alikuwa ameshika mwiko miaka mitano mfululizo, na kila mwaka ananipakulia maji ya juu, njegere zote anawapa rafiki zake.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kesho yake niliingia gereji.

Nilianza na skii zangu za zamani, zile nyembamba. Nikang'oa visu vilivyolika, nikafunga vipya, virefu. Nikaweka ndoo ya maji kwenye sledi, nikatoka. Ziwani ilikuwa raha tupu. Nikifikiria kona, pikipiki imeshageuka. Lakini kwenye njia ya reli, ambako wageni hupita na pikipiki zao kutwa nzima na visu vyao huacha mifereji inayoganda usiku, mambo yakageuka. Kila kisu changu kikiona mfereji kinaingia, kama mlevi anayepita mbele ya kilabu. Usukani unavutwa kushoto, unavutwa kulia, na kila mvuto unapita kwenye kifundo changu. Msituni ndiko zilikonimaliza. Kwenye theluji laini zilizama kama kijiko kwenye uji. Nilirudi ndoo ina maji ya kunawa uso, na mlango wa nyumba niliufungua kwa bega.

Nikafunga skii alizonipa Wendell Krismasi. Rangi ya chungwa, pana kama kasia, mkuku mmoja mfupi katikati. Alizinunua kwa upendo, namjua, alitaka mama yake asichoke. Msituni zilielea juu ya theluji laini, usukani mwepesi, kidole kimoja kinatosha. Nikasema moyoni, mwanangu kaniweza. Kisha nikatokea ziwani kwenye barafu iliyopigwa na upepo, nikageuza, na ule utelezi nikaujua. Mlango wa kibanda cha Rudy ulifunguka, akatoka mbio kabla sijafika. Safari hiyo nilisimama nimebakiza urefu wa mkono.

"Unakuja tena?" akasema. "Mbao zenyewe bado sijamaliza kulipa."

"Hamisha kibanda."

"Hama wewe. Si umeshaahidi?"

Siku hiyo nililia, na sioni aibu kusema. Nilikaa sauna, kibanda changu cha kuogea mvuke, peke yangu, nikamwaga maji juu ya mawe, nikalia ndani ya mvuke. Nyumba ile nimeifunga dari kwa mikono yangu. Niliona chumba cha chini chenye dirisha, na viatu vya watu vinapita.

Jawabu nililipata kwa Lempi, barazani, nilipokwenda kunywa kahawa na kusikitika. Marehemu mumewe Onni alipokufa, pikipiki yake iliuzwa, lakini skii zilibaki kwa sababu mnunuzi alizicheka. Lempi alikuwa amezilaza juu ya matofali na kupanga makopo yake ya maua. Maua yalikuwa yamekufa kwa baridi. Nikainamia kutoa kopo moja, nikaona chini ya skii kuna mikuku miwili, imekaa sambamba, mifupi, na kila mmoja una kisu chake.

"Lempi, hizi Onni alikuwa akizisemaje?"

"Alikuwa akisema si nzuri kwa lolote, lakini hazijamtupa popote." Akapuliza kahawa yake. "Nikamwambia, basi mmefanana."

"Niazime."

"Maua yangu nitaweka wapi?"

"Yamekufa, Lempi."

"Yanapumzika," akasema, lakini akaanza kuteremsha makopo.

Kuzifunga kulinichukua siku mbili, kwa mkono mmoja na nusu. Tundu zilikuwa pana kuliko vyuma vyangu, nikakata vipande vya bomba kuzijaza. Kipande cha mpira kinachokaa kati ya skii na mguu wake kilikuwa kinene mno nyuma, skii ikawa inainamisha pua. Nikakichonga kwa kisu cha samaki mpaka skii ikalala sawasawa. Nikatoka na ndoo yangu.

Ziwani ziliuma, ingawa si kama zile za visu virefu. Msituni zilielea kidogo, si kama za rangi ya chungwa. Onni alisema kweli. Lakini kwenye njia ya reli niliachia usukani nusu nusu, nikingoja kuvutwa, na sikuvutwa. Mkuku mmoja ukitaka kuingia mfereji wa watu, wa pili unaukatalia. Nilifika nyumbani kifundo kimetulia na ndoo imejaa. Nikasimama uani nikiitazama ile ndoo, na kichwa changu kikafanya kazi iliyokuwa inasubiri muda mrefu.

Huku kwetu mdogo hutangulia, mzee hufuata. Kwenye mashindano ya supu ni hivyo hivyo: wanaanza vijana, na mwenye umri mkubwa anakuwa wa mwisho, ili asiharakishwe na mtu nyuma yake. Ni heshima, na kila mtu anaiona ni heshima. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mzee tunampa njia ambayo imeshachimbwa na wote. Mwaka ule tulikuwa saba, mimi wa saba. Na Rudy, ambaye miaka yote alikuwa na wazee wanne nyuma yake, safari hii wazee hao wamestaafu na umri umempandisha cheo. Angekuwa wa sita. Nilimwangalia wiki nzima kama amelifikiria hilo. Alikuwa anafikiria barafu tu.

Jumamosi jioni, kabla ya sauna, pikipiki zote hupangwa nyuma ya shule na kufunikwa maturubai. Ukishafunika, haramu kugusa kitu mpaka asubuhi. Rudy alipita akikagua skii za kila mtu kama askari wa forodha. Zake zilikuwa na mkuku mmoja mrefu na visu vipya vinavyong'aa. Alipofika kwangu alisimama, akainama.

"Dada Elma, hii mbona ina udongo?"

"Wa maua."

"Wa maua," akarudia polepole, akaenda kuwaambia wengine. Kicheko kilizunguka shule nzima kikarudi.

Wendell alikuwa amesimama kando. Trela ilikuwa imefungwa nyuma ya gari lake, tupu. Akanisogelea.

"Mama, nimekununulia skii za uhakika. Wanasema kesho theluji inaweza kuanguka. Zile zangu ndizo za theluji laini. Muda upo, nikufungie."

"Theluji nitakayoikuta mimi si ile itakayoanguka, mwanangu. Ni ile watakayokuwa wameipita watu sita."

"Mimi sikuleta trela kwa ubaya," akasema. "Waliponipigia kwamba umelazwa, hawakusema ni mkono. Walisema tu njoo. Maili zote zile nimeendesha nikijua umekufa."

Hilo hakuwahi kuniambia. Nilimshika sikio kama zamani nikalivuta kidogo. Kisha nikafunika turubai langu, na mambo yakawa yamekwisha.

Usiku theluji ikashuka kutoka Ziwa Superior, ile nzito isiyo na haraka. Asubuhi msitu wote ulikuwa umevimba. Skii za rangi ya chungwa zilikuwa gereji kwangu, zimeegemea ukuta, na mimi nilikuwa na stendi ya maua.

Wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Akina mama wanajaza sufuria, kengele ya shule inalia, mtu anaondoka, na baada ya muda honi inasikika kutoka ukumbini kwamba amefika. Rudy aliondoka wa sita, amekaa wima, na supu yake haikutikisika hata alipoingia barafuni. Nilimwonea wivu, kusema kweli. Anaendesha vizuri yule mwanamume.

Honi yake ikalia. Wendell akaifunga sufuria yangu, akakaza kamba, akakaza tena.

"Nakukuta kule," akasema, akakimbilia gari lake kuzunguka kwa barabara.

Kengele ikalia, nikabana mafuta.

Ziwani upepo ulikuwa umefagia theluji mpya yote, barafu imebaki wazi. Na juu ya barafu nikaona madoa ya njano. Supu ya wenzangu. Sikuwa nimelitegemea, lakini lilikuwepo, limeandikwa wazi kuliko tangazo la kanisani: hapa fulani aligeuka kwa nguvu, hapa fulani alifunga breki. Karibu na kibanda cha Rudy palikuwa na doa kubwa kama shuka, karibu wote walitelezea hapo. Nikaanza kona yangu mapema, kwa upana, kabla ya doa la kwanza. Visu vya Onni vikauma. Nilipita mbele ya kibanda kile nikiwa mbali nacho, na ningekuwa na mkono wa ziada ningekipungia.

Msituni nikapata haki yangu ya uzee. Theluji mpya ilikuwa imechimbwa na watu sita, mashimo juu ya mashimo. Nilisimama kwa miguu, magoti laini, mafuta bila kukatisha, maana kwenye theluji laini ukiachia mafuta pua inazama. Nikapita shimo la kwanza, nikapita la pili. Kwenye la tatu skii ya kushoto ikapiga mbizi. Pikipiki ikainama, nikasikia nyuma yangu supu inapiga ukingo wa sufuria, ile sauti ya uji ukimwagwa. Nikarudisha uzito nyuma, skii ikaibuka. Sikugeuka kutazama. Nilijua nimemwaga bakuli zima, pengine mawili, na nikajua kwamba skii za mwanangu zisingezama pale. Nilijitukana kwa Kifini mpaka mwisho wa msitu.

Kisha nikatokea kwenye njia ya reli.

Pale upepo na wageni walikuwa wameshindilia kila kitu kikawa kigumu kama sakafu, na katikati visu vya watu sita vimechora mifereji inayopishana kama nywele zilizosukwa na mtu mwenye haraka. Madoa yalianza hapo hapo. Kushoto doa, kulia doa, kushoto tena. Na mapya kuliko yote, bado yanatoa mvuke kidogo, yalikuwa ya Rudy. Niliyafuata kwa macho. Vile visu vyake vilivyong'aa vilikuwa vimeingia katika kila mfereji waliouacha wenzake, vikamzungusha kama mtoto anayecheza na usukani. Maskini, alipigana njia nzima, na kila pigo lilimgharimu kijiko.

Nami nikakaa chini. Usukani ulikuwa umetulia mikononi mwangu, mkono mzima na ule nusu. Nikabana mafuta. Kila mwenzangu alikuwa amepunguza mwendo pale, na mimi pale ndipo nilipoongeza, miti ikaanza kukimbia pembeni, baridi ikanitoa machozi, na nikacheka ndani ya helmeti yangu kama mwendawazimu. Sitini na saba. Ng'ombe hazeeki maini. Nikapanda kilima bila kupunguza, nikasimama mlangoni pa ukumbi taratibu kabisa, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

Lempi akaja na kidole chake. Akachovya. Akaruka, akasema neno ambalo mchungaji alijifanya hakulisikia.

"Ya moto," akatangaza, kidole mdomoni.

Akachukua kijiti chake cha kupimia, chenye alama za kisu. Sufuria ya Rudy ilikuwa mezani, ikiongoza zote, anayeizunguka ni yeye mwenyewe. Lempi alitumbukiza kijiti katika yake mbele ya watu, kisha akakifuta, akakitumbukiza katika yangu. Akakiinua kwenye mwanga. Yule mwanamke anajua kungojesha watu, na asingeona aibu hata ningekufa pale pale.

"Elma," akasema, "kwa upana wa kidole. Kidole hiki hiki ulichokiunguza."

Ukumbi ulipiga kelele, mabakuli yakagongwa mezani. Rudy hakukaa. Alikuja moja kwa moja kwenye pikipiki yangu, akalala chali kwenye theluji, akatazama chini ya skii. Akakaa huko muda mrefu, miguu yake tu ikionekana.

"Hizi si za marehemu Onni?" sauti ikatoka chini.

"Ndizo."

"Mimi ndiye niliyezicheka. Ningeweza kuzinunua na pikipiki." Akatoka, theluji imemjaa kichwani. "Kumbe njia ya wa sita si njia ya wa tatu."

"Mwaka kesho utazoea. Uzee ni kuzoea tu."

Alicheka, akavua kofia, akanipa mwiko kwa mikono miwili. Hiyo nakubali: alijua kushindwa kuliko mimi ningejua.

Nilisimama nyuma ya sufuria na mwiko wangu, watu wakapanga foleni. Nilipakua mpaka mkono ukauma, na sikujali. Rudy nilimpa njegere kutoka chini kabisa, nzito, ili ajue jinsi inavyofanywa. Wendell alikuja karibu na mwisho, bakuli mkononi, macho yake mekundu. Baridi, alisema.

"Trela nimeifungua, Mama. Iko nyuma ya ukumbi."

"Ifunge tena."

Akashtuka. "Kwa nini? Umeshinda."

"Utaipeleka kwa Lempi, halafu ukokote sledi mpaka gereji kwangu. Zile skii za rangi ya chungwa uzichukue, uzifunge kwenye ile pikipiki yako iliyolala bure mjini. Ni nzuri sana kwa theluji ambayo haijapitwa na mtu."

"Kwa nini nizifunge kwangu?"

"Kwa sababu mwaka kesho unaingia mashindanoni, na wewe ni mdogo. Utatangulia." Nikamjazia bakuli hadi ukingoni, bila kumwaga hata tone. "Mimi nitakuja nyuma, nisome umemwaga wapi."